Nyuki Kwenye Joho la Ijja

Jumatatu, 8 Mei

Wamefika! Mizinga miwili, nyuki tele, wanavuma kama soko la Tafraout. Nimeuza mbuzi wote kuwapata. Mbuzi wa nini? Asali ya maua ya zaatari ya milima yetu hugombaniwa mjini. Nitaezeka chumba kipya, na Ijja wangu atarudi. Mwaka wa pili huu mke wangu yuko Agadir kwa dada yake, anasafisha dagaa kiwandani.

Nimempigia simu. Akasema nyuki wana akili, hawatakaa kwangu. Halafu akacheka. Kicheko kile! Simu ilikatika, mimi bado nimeibana sikioni.

Jumatano, 10 Mei

Baslam, jirani yangu, mwenye mizinga mlima mzima, amekuja bila kuitwa. Kaniambia niwaache nyuki watulie, asali ina wakati wake. Subira huhubiriwa na mwenye ghala lililojaa. Alipoondoka nimeweka sinia la maji ya sukari uani. Asali ije haraka!

Alhamisi, 11 Mei

Balaa. Sukari imewaita nyuki wote wa Baslam. Wameinywa, wakaingia kupora mizinga yangu. Vita kutwa. Maiti mpaka ndani ya birika la chai.

Baslam kachungulia ukutani, kaniita kwa jina. "Bihi wee! Umefungua mgahawa?"

Nimemjibu nyuki wake ni wezi, wamefuata ukoo. Nyuki mmoja akanijibu kwa niaba yao, kwenye jicho la kushoto. Mzinga mmoja umekwisha kabisa.

Ijja angenikanda jicho kwa kitunguu huku akinisema. Nimejikanda mwenyewe. Hakuna wa kunisema.

Jumapili, 14 Mei

Kila Jumapili naanika joho la Ijja, lile la buluu. Nondo hao wala nguo! Si kwa sababu nyingine.

Leo nyuki wa mzinga uliobaki wamehama. Wametoka wote kama moshi, wakazunguka uani, wakatua kwenye joho. Mkono mmoja ukajaa ukavimba, kama kuna mtu ndani. Upepo ukaupunga kidogo.

Baslam kaja mbio na kapu. "Likung'ute humu, haraka! Mali yako inaondoka, mjinga wee!"

Sikuweza. Nilikaa kwenye kibao mbele ya joho. Adhuhuri wakaruka wakavuka bonde. Mkono ukalegea.

Jumatatu, 15 Mei

Nimemwambia Ijja yote. Nilitegemea kicheko. Badala yake akauliza, taratibu, kama kweli bado nalianika joho lake. Nikasema nondo. Akasema Ijumaa anakuja.

Anakuja!

Ijumaa, 19 Mei

Yuko hapa. Amekula kuskusi yangu mbichi bila kulalamika. Amelitazama jicho langu, akanisema vizuri sana. Nyumba imejaa.

Baada ya chai nikamweleza mipango. Akaniwekea mkono mdomoni.

"Bihi, mimi sikukimbia umaskini. Nilichoka kuishi na mtu ambaye kila siku yuko mwakani. Nakaa ubavuni pako, wewe hupo."

Akasema shule moja karibu na kwa dada yake inatafuta mlinzi. Wanatoa na chumba. Kidogo, lakini dirisha linaona bahari. Gari linaondoka kesho asubuhi. Akasema, "Twende, mume wangu. Njoo hivyo ulivyo."

Sijawahi kusikia maneno matamu namna hii.

Jumamosi, 20 Mei

Gari limeondoka. Ijja kakaa dirishani, mfuko wake kauweka kiti cha pili kunishikia nafasi. Nimemweleza kwa upole kwamba mwanamume hamfuati mkewe mikono mitupu. Atangulie tu. Akanitazama mpaka dereva alipowasha injini. Akaupakata mfuko. Mama mmoja mwenye kuku akakaa mahali pangu.

Nimesimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Nilitaka kulia, jicho bovu likatangulia.

Baslam akipita na punda wake akaniuliza, "Na wewe umebaki hapa unalinda nini?"

Wivu tu. Hajui kwamba hapo hapo kituoni nimeongea na mtu anayeuza kware. Kware! Hawaumi, hawahami, wanataga hata banda hujamaliza! Mwakani mambo yatakuwa safi, nami nitamfuata Ijja na gari langu mwenyewe, limejaa mayai.

Ijja anapenda sana mayai. Nadhani.