Kipoozeo Kirefu Kuliko Kasha

Jumatano, tarehe 6

Nimeropoka. Kikaoni, mbele ya Mama! Mama, kama tunavyomwita wote kazini, ni mpima ardhi, mwenye ofisi, na ndiye atakayeamua Ijumaa ya wiki ijayo kama nathibitishwa kazini au nabaki kwa dada kuosha vyombo. Kompyuta ya ramani ilizimika tena kwa joto, katikati ya kuchora shamba la mteja, na mteja mwenyewe amesimama hapohapo. Mama akauliza nani anaweza kutuundia mpya. Nikasikia sauti ikisema mimi naweza. Ilikuwa yangu.

Naam, najua. Nimesoma mengi kuhusu kompyuta. Bisibisi sijawahi kushika.

Mama alifurahi, akasema kijana ana moyo. Namshukuru sana. Ninao kweli, mpaka sasa unadunda masikioni.

Alhamisi, tarehe 7

Fedha iliyotengwa inatosha kitu kimoja kiwe kizuri na kingine kiwe cha kawaida. Ama mazabodi nzuri, yaani lile bamba ambalo kila kitu huchomekwa juu yake, ili baadaye tuweze kuongeza hiki na kile. Ama kipoozeo kizuri, chenye feni na mapezi ya chuma, ili mashine isichemke. Moyoni nataka kipoozeo. Ile ya zamani haikufa kwa kukosa nafasi, ilikufa kwa homa. Lakini nikisema hivyo na mambo yakaharibika, lawama zote zangu!

Hila imenijia nikinywa chai. Mchora ramani wetu tunamwita Kamusi, kwa sababu hakuna neno asilojua maana yake, na maana anayoitoa siku zote ni kinyume cha yako. Ukisema mvua inakuja, anaanika shati. Basi nitaipigia debe mazabodi. Kamusi atapinga, atadai kipoozeo. Nitakubali shingo upande. Nitapata nilichotaka, na lawama atazibeba yeye. Nimefanya mazoezi ya hotuba, na ya kukubali shingo upande, mezani pangu ofisini mchana kutwa.

Ijumaa, tarehe 8

Amekubali!

Niliisifu mazabodi mbele ya Mama mpaka mate yakanikauka. Nikasema nyumba ni msingi. Nikamgeukia Kamusi, nangoja kipigo. Kamusi akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema tangu niingie ofisi hii leo ndiyo mara ya kwanza nimesema jambo la akili, na yeye haongezi neno. Kamusi haongezi neno! Mama akapiga meza: basi, mazabodi.

Nikamfuata pembeni, nikamwuliza kama hana walau wasiwasi kidogo tu kuhusu joto. Akasema, “Mwanangu, mtaalamu ni wewe,” akaenda zake.

Hata hivyo amenisifu hadharani. Nashukuru.

Jumamosi, tarehe 9

Nilikwenda dukani kununua mazabodi nzuri. Naapa. Muuzaji akaniuliza mashine ni ya kazi gani. Nikamweleza: ramani kubwa, kutwa nzima, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Akasema kwa kazi hiyo yeye angeweka fedha kwenye kipoozeo. Nikasema nimeagizwa mazabodi. Akasema sawa, bosi. Nikasema lakini wewe unaona kipoozeo. Akasema ndiyo, bosi. Tulizunguka hivyo mpaka waliosimama nyuma yangu wakaanza kuguna, na mmoja akauliza kama nachagua kifaa au mchumba.

Nimenunua kipoozeo. Kikubwa kuliko vyote dukani! Na mazabodi ya kawaida kabisa. Nani atafungua kasha achungulie ndani?

Muuzaji alinibebea mzigo hadi barabarani. Watu wema hawajaisha.

Jumapili, tarehe 10

Nimeiunda kwenye meza ya dada. Katika nyumba hii kila kitu kipya hukaa na nailoni yake: viti, rimoti, mlango wa jokofu. Dada husema ukiibandua tu, umekaribisha uzee. Basi nilijiona niko kwetu hasa nilipokuta kipoozeo nacho kina nailoni chini, pale kinapokutana na prosesa, ambayo ndiyo inayochemka. Maelekezo yanasema ibanduliwe kabla ya matumizi. Nimeyasoma na kuyarudia. Lakini matumizi yanaanza kesho, mbele ya Mama! Leo ni kuunda tu. Nimeiacha ilinde kitu. Ile dawa nyeupe ya kupitishia joto nimeipaka vizuri sana, juu ya nailoni.

Kisha mkosi. Kipoozeo ni kirefu kuliko kasha! Kifuniko cha ubavuni kimegoma kufunga. Shemeji akaja na kikombe chake, akatazama, akasema, “Shemeji, mbona mgonjwa wako hajafunga vifungo vya shati?” Nikamjibu ni kwa ajili ya hewa. Akasema hata mwizi akikuta mlango wazi hushukuru kwa hewa. Dada akamfukuza kwa ufagio, akarudi kunishikia skrubu kiganjani bila kuuliza swali. Mungu ampe maisha marefu.

Jumatatu, tarehe 11

Imewaka! Mama akapiga makofi. Kuhusu kifuniko nikasema ni mtindo wa kisasa. Makofi yalinilevya, nailoni sikuikumbuka kabisa.

Kamusi akafungua ramani ya yule mteja. Feni ikaanza kuvuma, ikapanda, ikalia kama nyuki waliotupiwa jiwe. Kioo kikawa cheusi. Tukaiwasha tena. Kikawa cheusi tena.

Mama akasema kwa upole (upole wake ndio unaoua) kwamba Ijumaa anataka ramani mezani, na siku hiyohiyo tutazungumza mimi na yeye. Nimejificha stoo. Ningenunua mazabodi! Aliyeagizwa na ofisi nzima asikie. Lakini Mama hakupaza sauti. Nashukuru hata kwa hilo.

Jumanne, tarehe 12

Nimeleta feni ya dada, ile ya kusimama, nikaielekeza kwenye ubavu ulio wazi. Mpango safi. Nikabonyeza kasi ya mwisho. Ramani zote za mezani zikapaa. Shamba la mteja lilitua kwenye chai ya Kamusi, upande wa mto.

Kamusi akasema sasa shamba limepata maji ya kutosha. Hakunishtaki. Nimemshukuru mara nyingi mpaka akaniomba ninyamaze.

Jumatano, tarehe 13

Mama alitoka kwenda kupima. Kamusi akafunga mlango, akaniomba bisibisi. Nikampa. Akakifungua kipoozeo, akakigeuza, akaivuta nailoni kwa vidole viwili kama utando wa maziwa. Akaiinua kwenye mwanga. Akanitazama. Nikajitetea kuhusu kuunda na matumizi. Alicheka hadi akaketi sakafuni.

Kisha akainama, akachungulia ndani. Akauliza kama hii ndiyo ile mazabodi tuliyohubiriwa. Nikafunga macho.

Akasema alijua tangu Alhamisi kwamba nataka kipoozeo, maana mtu hafanyi mazoezi ya hotuba ya siri kwa sauti. Alikubaliana nami makusudi, aone uso wangu. Uso, akasema, haukumwangusha! Yeye mwenyewe angechagua kipoozeo. Kwa ramani zetu mazabodi ya kawaida inatosha, na Mama angekubali siku ileile, laiti ningefungua mdomo nikasema ninachokitaka.

Akapaka dawa upya, akakaza. Ramani ikafunguka, feni ikapumua taratibu kama mtoto aliyeshiba. Mama aliporudi akauliza kulikuwa na nini. Kamusi akasema kulikuwa na kitu kidogo kimeziba. Ni kweli kabisa! Nilitaka kumkumbatia, akanionyesha bisibisi.

Ijumaa, tarehe 15

Ramani ilikuwa mezani kabla ya mteja kufika. Mama akaniita. Nilikuwa tayari na maneno ya kuaga. Akasema kipoozeo amekiona kinavyochomoza ubavuni mwa kasha, na nimechagua vizuri, ila siku nyingine nimwambie yeye usoni. Kisha akasema nimethibitishwa.

Nililia. Mama akanisogezea karatasi laini, akatazama pembeni kwa heshima. Namshukuru Mama, namshukuru dada, namshukuru muuzaji, hata shemeji, ambaye amesema sasa nami nifunge vifungo.

Nimepata funzo moja kubwa: hila ya kinyume inafanya kazi. Nilitaka kipoozeo, kipoozeo kimepatikana.

Jumatatu, tarehe 18

Kamusi lazima ashukuriwe, na kwa siri, maana shukrani za wazi zinamchosha. Ana redio ndogo mezani, anaipenda kuliko watu, na siku hizi inakwaruza. Alipotoka kwenda kula nimeifungua. Kazi nyepesi! Nimeipangusa vumbi, nimeirudisha vizuri. Zimebaki skrubu na kijiwaya chekundu, bila shaka ni vya akiba. Haikwaruzi tena. Kwa kweli haitoi sauti yoyote. Akiuliza, nitamwambia mimi nilishauri isiguswe kabisa.

Nasikia viatu vyake ngazini. Jinsi atakavyofurahi!