Mafuta ya Nyonyo Yamenizimia Mlango

Kwa Mama Mkwe,

Shikamoo Mama. Natumaini u mzima, na mashine yako ya kukamulia mbegu imepumzika, maana ikiwaka tu, huku kwangu kunaharibika kitu. Nakuandikia kwa heshima zote, mimi mkweo fundi cherehani, kuhusu ile chupa ya mafuta ya nyonyo uliyotuletea. Na wewe sina ugomvi, Mama. Ugomvi wangu ni na mafuta.

1. Mlango wa duka. Ulizipaka bawaba bila kuniuliza. Mlango ule ulikuwa ukilia kama mbuzi, na kilio hicho ndicho kilichokuwa kikiniamsha kila mteja alipoingia. Sasa wateja wananikuta nimezilalia suruali zao, tena hazijashonwa.

2. Cherehani. Mwanao akiwa jikoni alikuwa akiisikia kelele yake, anaridhika kwamba mume anachapa kazi. Tangu uitie matone yako haitoi hata mguno. Juzi kanichungulia dirishani: "Yaani tangu asubuhi hujashona hata kifungo?" Na siku hiyo, Mama, nilikuwa nashona kweli. Iliniuma sana. Siku hizi nashona huku nikinguruma kwa mdomo.

3. Kichwa changu. Mwanao alinipaka kwa kujaribu tu. Nywele zimeota, lakini upande wa kushoto peke yake. Mtaa mzima unanijua kwa jina la Fundi Kipara. Wateja wapya wanaoelekezwa kwangu wananitazama, wananiomba radhi, kisha wanavuka barabara kwa yule fundi mwenye kichwa kinachong'aa, ambaye hata kupinda suruali hajui.

4. Tumbo. Ulisema kijiko kimoja. Nikaona viwili ndiyo heshima kwa mkwe. Sitaeleza zaidi.

Mafuta yamenipokonya mlango, cherehani na jina. Kilichobaki ni mke. Kwa hiyo naomba uichukue chupa yako, na ukiweza uniletee kutu kidogo ya bawaba.

Wasalimie mashemeji wote. Baba mkwe mpe pole, nasikia naye ameanza kupakwa.

Mkweo mtiifu,
Fundi, zamani Kipara

Nyongeza: Mama, nimegeuka sasa hivi na kukukuta umesimama nyuma yangu, na kwa jinsi unavyotikisa kichwa, umesoma tangu kero ya kwanza. Mlango haukulia. Sithubutu kufungua mdomo, ndiyo maana bado naandika. Yote hapo juu nimeyafuta. Ila naona umekuja na chupa nyingine. Kama hutojali, tuanze na upande wa kulia.