Rimoti ya Zote na Waraka wa Kutozima

Uvumi ulimkuta Mama Ndoo kwenye ngazi za ghorofa ya pili, amepiga magoti, anasugua doa la chai. Mpokea wageni alipita, akamwinamia sikioni: "Waziri hataondoka hapa kabla mtu wa stoo hajazimwa."

Hakutaja jina. Lakini stoo ya Idara ya Utazamaji Rasmi ilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni binti wa Mama Ndoo, kibarua wa miezi sita anayengoja barua ya ajira ya kudumu. Mama alisugua lile doa mpaka rangi ya sakafu ikaanza kutoka. Neno "kuzimwa" halikutoka.

Chanzo kilikuwa tangazo. Jumatatu ile Mkurugenzi aliwakusanya watumishi ukumbini na kutamka, kwa sauti ya mtu anayefungua daraja, kwamba Idara inaingia rasmi katika Zama za Kitufe Kimoja.

Ilikuwa hatua ya busara kabisa. Ukumbi ulikuwa na sinema kamili ya ndani: runinga pana kama kitanda cha maharusi, king'amuzi, deki ya diski, na spika tano zilizozunguka viti. Kila chombo kilikuwa na rimoti yake, na kila rimoti ilikuwa na afisa wake. Afisa Picha aliwasha runinga. Afisa Chaneli alibadili chaneli. Afisa Diski aliingiza diski na kuitoa. Afisa Sauti alipokwenda likizo, Idara nzima ilitazama taarifa ya habari bila sauti kwa siku ishirini na moja, na bado ikaandika ripoti ya kurasa nane juu ya yaliyosemwa. Ripoti ilipokelewa na kusifiwa.

Sasa Waziri alikuwa anakuja kutazama filamu fupi ya mafanikio ya Idara. Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Rimoti, watu tisa, wakaenda dukani. Muuza duka akawapa ndogo, vitufe kumi na viwili.

"Hii inaendesha vyombo vyote," alisema. "Hata bibi yangu anaitumia."

"Ndiyo maana haitufai," alijibu Msaidizi wa Mkurugenzi. "Bosi ana cheo. Hamna yenye vitufe vingi zaidi?"

Wakarudi na yenye vitufe sitini na vinne. Kumi na saba kati ya hivyo havikuwa na kazi yoyote, jambo ambalo Kamati iliona linalingana na muundo wa Idara. Boksi lilikuwa limeandikwa "Rimoti ya Zote". Kesho yake ukatoka waraka wa kufafanua kwamba "ya zote" haimaanishi "ya wote".

Aliyesaini kuipokea ni binti wa stoo, maana kila kinachoingia stoo husainiwa na stoo. Chini ya sahihi palikuwa na mstari wa herufi ndogo: *aliyepokea atawajibika kwa lolote litakalotokea mbele ya mgeni.*

"Huo mstari uliusoma?" Mama alimuuliza wakati wa mapumziko ya mchana.

"Mama, walinisimamia watu tisa. Ningesoma saa ngapi?"

"Kwa hiyo nilikusomesha ili usaini bila kusoma?"

"Ulinisomesha nipate kazi, mama. Hii ndiyo kazi yenyewe."

Mama alirudi kwenye ndoo yake. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Rimoti ya namna ile haijui chombo chochote mpaka itambulishwe. Maelekezo yalikuwa mafupi: elekeza rimoti kwenye chombo, shikilia kitufe, nayo itajaribu namba moja baada ya nyingine; chombo kikizima, namba yake imepatikana, achia. Kamati iliona maelekezo haya ni mepesi mno, ikatengeneza fomu. Afisa Picha alishikilia kitufe. Runinga ikazima. Katibu akaandika: *Imefeli.* Wakaiwasha kwa mkono, wakaanza upya.

Mama Ndoo alikuwa nyuma ya viti anapiga deki, deki ya maji, si ile ya diski. Kwake alikuwa na runinga ya mtumba iliyokuja bila rimoti. Alinunua rimoti ya zote kandokando ya barabara, akaitambulisha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika mwiko. Alipoona runinga ya Idara imezima mara ya sita, uvumilivu ukamwisha.

"Baba, hapo imekubali," alimwambia Afisa Picha. "Ikizima, achia."

Mkurugenzi akageuka na kiti chake.

"Mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza shule ya msingi, Mheshimiwa."

"Na huko shule ya msingi, kitu kikizima kinakuwa kimefaulu?"

Kamati ikacheka kwa mujibu wa vyeo.

"Kinakuwa kimesikia, Mheshimiwa."

"Shughulika na ndoo, mama."

Mpaka Alhamisi runinga ilikuwa imefaulu mara thelathini na moja, na mara zote imeandikiwa imefeli. Kamati ikatoa taarifa kwamba kifaa kina "mwelekeo sugu wa kuzima". Mkurugenzi akachukua hatua kali. Waraka Namba Kumi na Nne ulisema: *Mtumishi yeyote atakayezima runinga mbele ya Waziri atahesabika amejiondoa kazini mwenyewe, papo hapo, bila kujali cheo.* Hayo maneno ya mwisho huwekwa kwa mapambo. Waraka ukatiwa kwenye fremu, ukatundikwa ubavuni mwa runinga.

"Wanakutafuta wewe," Mama alimwambia bintiye. "Kesho njoo na funguo mapema."

Ijumaa asubuhi, kabla Kamati haijafika, binti alifungua stoo na Mama akaishika rimoti, wakaingia ukumbini. Runinga ikazima, akaachia. King'amuzi kikazima, akaachia. Deki, akaachia. Spika, akaachia. Dakika nne. Kisha akabonyeza kitufe chekundu, na vyote vikawaka kwa pamoja. Binti akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Habari zilimfikia Mkurugenzi naye akashuka stoo mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe.

"Nasikia nimefanikiwa," alisema. "Lete daftari."

Akalikata jina la binti kwa mstari ulionyooka. Akaandika la kwake: *Mpokeaji na Mwasisi.* Akasaini kwa madaha. Mstari wa chini hakuusoma.

"Mheshimiwa," Mama alisema, na alisema kwa nia njema, "vyote tumeviacha vinawaka. Hicho chekundu kinawasha na kinazima, hichohicho kimoja. Usikiguse."

"Mama. Ndoo."

Waziri alifika saa nne. Kwenye kioo palikuwa na picha ya Mkurugenzi akitabasamu, mwanzo wa filamu. Mkurugenzi aliyekuwa hai alisimama mbele yake, akahutubia juu ya Zama za Kitufe Kimoja, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Vyote vikazima. Msaidizi akapiga makofi kwa mazoea, kisha akaacha.

Mkurugenzi alibonyeza tena. Vikawaka. Kwa hofu akabonyeza mara nyingine. Vikazima.

"Inafanya nini?" aliuliza Waziri.

"Inasikia, Mheshimiwa," ilijibu sauti nyuma ya viti.

Waziri, kwa kukosa cha kutazama, akatafuta cha kusoma. Akasogelea ile fremu, akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

"Bila kujali cheo," alirudia. "Safi sana. Kaandika nani?"

Watu tisa walinyoosha vidole upande mmoja.

"Na rimoti kaipokea nani?"

Binti akaleta daftari.

"Mheshimiwa, ilikuwa mapambo tu," alisema Mkurugenzi.

"Hapa imeandikwa umeshaondoka," alisema Waziri. "Mimi ni nani nipinge waraka wako?"

Saa nane mchana Msaidizi, sasa Kaimu, alisaini barua ya ajira ya kudumu ya binti, kwa sababu, ukimtoa Mama, hakuna mwingine aliyejua kuviwasha vyombo. Binti aliisoma yote, hadi mstari wa chini, huku Kaimu akingoja amesimama. Mama Ndoo akachukua chaki, akaandika ndani ya mlango wa stoo:

MAMBO YA KUEPUKA

Usisaini kabla ya kusoma chini, hata wakikusimamia watu tisa.

Usichague rimoti kwa wingi wa vitufe.

Chombo kikizima usiandike imefeli. Achia.

Usiandike "bila kujali cheo" kama unacho.

Usikanyage nilipopiga deki. Hata Kaimu.