Nyuki Ndani ya Figo

Jumatatu, 3 Machi
Nimemkosea Mama Pacha. Naandika sasa hivi, maana huwa najisamehe upesi.
Nafasi ya mkalimani wa hospitali ni moja, tunaigombea mimi na yeye. Mwalimu katoa mada ya mtihani wa kesho ili tujiandae: ugonjwa wa figo. Kasema sikio halisikii peke yake. Jambo geni kichwani hupita masikioni kama upepo. Mama Pacha hakuwepo, mwanawe mmoja ana homa. Kanipigia simu: kaka yangu, mada nini? Nikamwambia ufugaji wa nyuki. Kaniombea dua!

Jumanne, 4 Machi
Kaanza yeye. Kibanda cha vioo, hedifoni masikioni. Daktari anaeleza kuchuja damu, yeye anatafsiri kuchuja asali. Kisha kavua hedifoni. Jasho. Nikatazama viatu vyangu.
Zamu yangu, hotuba nyingine, mada ileile. Figo nimezikariri zote mbili! Sikumsubiri daktari. Nilijua atasema mgonjwa anywe maji kwa wingi, nikasema. Kumbe anaonya: huyu maji apimiwe! Mwalimu kauliza namtafsiri daktari au natafsiri ndoto zangu. Eti mgonjwa wa Mama Pacha angeshangaa, wangu angezikwa.
Tumeanguka wote.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwake kuungama. Kabla sijafungua kinywa kanipa kiti, kasema anaacha ukalimani. Masikio yake yamechoka, labda kazi hii si riziki yake. Nikasema yote.
Pacha wakanitazama kama mwizi wa kuku. Mama yao kauliza polepole: sasa kaka, nyuki umewatoa wapi? Kisha kaniambia mlango nilioingilia ni uleule wa kutokea.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mwalimu. Kanifuta kwenye mtihani. Haki yangu. Mama Pacha kakubali kurudia Jumatatu, mada chanjo za watoto. Akikosa, nafasi wanapewa watu wa nje.

Ijumaa, 7 Machi
Sikulala vizuri. Kuungama tu hakuwafukuzi nyuki. Lazima nimlipe kwa vitendo.
Naahidi: Jumapili kabla ya jua kuzama nitakuwa mlangoni kwake na hotuba nzima ya Jumatatu, nimeshaitafsiri mwanzo hadi mwisho. Daktari bado hajaitoa, lakini hilo si tatizo. Chanjo nazijua. Atakachosema nakijua.
Maskini Mama Pacha, masikio yake yamechoka. Safari hii hatahitaji hata kusikiliza.