Kurasa Mbili Zilizozidi

Jumatano, 28 Februari
Andiko langu la kuomba ruzuku ya serikali limekamilika. Dawa yangu imeusinyaza uvimbe wa saratani ya kongosho kwa panya tisa kati ya kumi na mmoja. Tisa! Kikwazo kimoja tu: sera ya ruzuku inataka kurasa zisizozidi kumi na mbili, mimi ninazo kumi na nne. Tukikosa ruzuku, maabara inafungwa Juni, chumba chake anapewa Lindqvist, mtafiti wa mlango wa pili, na Odessa, fundi wangu wa maabara kwa miaka kumi na tisa sasa, hana kazi. Nimepunguza herufi kidogo. Nani atapima?

Alhamisi, 29 Februari
Verna amepima. Huyu ndiye mkuu wa ofisi ya ruzuku hapa chuoni. Bila yeye hakuna andiko linalokwenda Washington. Ana rula, mama huyu! Akasema, Daktari Pawlak, serikali haisomi kwa darubini. Herufi zikiwa ndogo hivi hawatagusa hata kichwa cha habari. Nikamwambia saratani haingoji rula. Akasema basi mimi ningoje nje, ana simu.

Ijumaa, 1 Machi
Nimepata! Sera inaruhusu maandishi madogo ndani ya michoro. Nimechora panya. Ndani ya panya nimeingiza maneno mia sita. Mkia peke yake una aya mbili. Verna akamtazama panya, akanitazama mimi, akauliza mke wangu ananivumiliaje. Panya kakataliwa. Lindqvist alikuwepo, donati mdomoni, akatamba kwamba lake lina kurasa kumi na moja na nafasi imebaki. Imebaki! Hana la kusema, ndiyo maana.

Jumatatu, 4 Machi
Odessa amelisoma lote wikendi. Dada yake alifariki kwa ugonjwa huuhuu. Akasema, Daktari, ni zuri mno, nimelia, ila toa ukurasa wa tisa na wa kumi, hizo zinamsema Lindqvist tu. Nikamkumbusha: mwaka 2016, mbele ya watu mia tatu, Lindqvist alieleza ugunduzi wangu bila kunitaja jina! Akauliza, sasa wagonjwa wangoje hadi hasira zako ziishe? Nikamjibu sitoi hata nukta. Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Ananiheshimu sana.

Jumanne, 5 Machi
Mwisho saa kumi na moja jioni. Saa nane nikagundua: sehemu ya kueleza matunzo ya panya haina kikomo cha kurasa! Nimemhamishia Lindqvist huko, kati ya chakula na matandazo ya vizimba. Anapafaa. Verna alikuwa na maandiko thelathini mezani. Akahesabu kurasa kuu, kumi na mbili. Akapima herufi. Akanipa mkono. Likaondoka saa kumi na dakika hamsini. Mimi si wa kuzibwa mdomo na serikali!

Alhamisi, 14 Machi
Limerudi. Halikusomwa. Barua inasema anayekwepa kikomo kwa kuficha hoja zake sehemu nyingine, andiko lake linaondolewa. Verna anadai hilo linajulikana hata na mfagizi. Duru ijayo ni Julai, na Juni tunafungwa. Waoga! Odessa alikwenda vizimbani. Aliwalisha panya, akaandika vipimo vyao, akavua koti jeupe. Kisha akalikunja vizuri.

Ijumaa, 15 Machi
Odessa kaja asubuhi na habari. Amekwenda kwa Lindqvist mwenyewe, bila kunishirikisha, akampa kurasa zangu kumi na mbili asome. Lindqvist anasema dawa inafanya kazi, hakuna ubishi. Atawachukua panya, atamwajiri Odessa, na Julai ataiombea dawa ruzuku, jina langu likitangulia lake. Langu likitangulia! Anataka jibu leo saa sita, la sivyo chumba cha kutunzia panya wanapewa watafiti wa figo. Odessa akanishika mkono, akasema, Daktari, nakuomba, sema ndiyo tu.

Nimesema ndiyo. Lakini kwa sharti, na sharti lazima liandikwe vizuri kabla Odessa hajampelekea Lindqvist jibu. Sasa ni saa sita kasorobo. Odessa amesimama mlangoni, macho kwenye saa. Nimemwambia atulie, namalizia sehemu ya 2016. Niko ukurasa wa tatu.