Uzinduzi wa Mfuko wa Madaktari Wasio na Vibali

(Hotuba ya Profesa Thaddeus Krumholtz, Naibu Mkuu wa Chuo cha Tiba cha Tres Acequias, California, kwa wazazi wa wanafunzi wahamiaji wasio na vibali vya kuishi nchini. Anayetafsiri kwa Kihispania ni Yaretzi Olmedo, mlengwa wa kwanza wa mfuko huo, kwa kuwa bajeti haikuruhusu mkalimani wa kulipwa.)

Mheshimiwa Meya na mwenza wako. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wadhamini, ambaye hakuweza kufika lakini picha yake imefika. Wakuu wa vitivo vyenye bajeti na wakuu wa vitivo vilivyobaki. Padre Anselmo wa parokia ya jirani. Waheshimiwa wenye mashamba ya lozi, ambao bila ninyi wahamiaji hawa wasingekuwa na mahali pa kuchokea. Kina mama wa mabanda ya kupakia zabibu. Wanahabari, yaani wewe kijana mwenye simu. Na binti yangu Yaretzi, ambaye leo ni mkalimani, mlengwa na sura iliyo kwenye bango nyuma yangu: itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemsahau, ajue kwamba amesahauliwa kwa heshima zote. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Ndugu wadau, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao umekwisha kunipatia tuzo mbili na safari ya mafunzo Hawaii, ili kuzindua mpango mkakati, shirikishi, jumuishi na endelevu wa kuwajengea uwezo vijana walioletwa nchini humu mgongoni mwa mama zao, wakasoma shule zetu, wakaapa mbele ya bendera yetu kila asubuhi mkono kifuani, na ambao sasa wakitaka kusomea udaktari wanakuta serikali kuu haiwakopeshi hata senti ya kununulia kalamu, hali ambayo sisi kama taasisi tumeitafakari kwa kina, kwa upana na, pale bajeti iliporuhusu, kwa chakula cha mchana. (Mkalimani anatafsiri kwa pumzi moja. Kina mama wanacheka.)

Mbona fupi hivyo, binti yangu? Sentensi yangu ilikuwa na milima na mabonde. Umewaambia nini?

(Yaretzi: "Nimesema unalijua tatizo letu, Profesa.")

Vizuri. Huo ndio muhtasari wenye tija. Sasa takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Tangu niingie ofisini, idadi ya mabango yanayowakaribisha wahamiaji chuoni imepanda kwa asilimia mia nne. Vikao kuhusu wahamiaji vimepanda. Vikao kuhusu vikao hivyo vimepanda zaidi. Na leo natangaza kwa fahari kwamba asilimia mia moja ya walengwa wa mfuko huu wapo hapa uwanjani. Simama wakuone, Yaretzi! (Yaretzi amesimama tangu mwanzo.) Mtazameni alivyopendeza na koti jeupe la udaktari. Usifunge vifungo, mama, tumelikodi kwa ajili ya picha.

Huyu binti, ndugu zangu, ana historia ya kutoa machozi, na mimi niliilia mara mbili tulipokuwa tukirekodi video. Akiwa na miaka tisa alikaa katikati ya mama yake na daktari, miguu haifiki chini, akimtafsiria mama habari za uvimbe tumboni. Daktari akisema neno baya, mtoto anameza mate kwanza, kisha analitafsiri. Huo, kwa lugha ya kitaalamu, ni uzoefu wa kazi usio na gharama kwa mwajiri. (Mkalimani anatazama safu za nyuma.) Hapo hukutafsiri, Yaretzi.

(Yaretzi: "Mama yangu amekaa pale, Profesa. Ile habari anayo.")

Naheshimu mchango wako. Binti huyu kafaulu mtihani wetu wa udahili kuliko wengi, nafasi amepewa, na kitu pekee kinachomtenganisha na darasa ni sharti dogo la kiutawala, kwamba mwanafunzi asiye na kibali aweke benki ada ya miaka yote minne kabla ya kuanza masomo, na muda wa kufanya hivyo unaisha Jumatatu.

(Doña Refugio, mpakiaji zabibu, anapaza sauti kwa Kihispania. Uwanja unavunjika kwa kicheko.)

Amesema nini yule mama?

(Yaretzi: "Anauliza, wale wenye vibali wanalipa vipi?")

Kwa muhula, mama, kwa muhula, na kwa mikopo. Swali zuri.

(Doña Refugio tena. Yaretzi: "Anasema, basi na huyu mwacheni alipe kwa muhula. Mama yake anapakia zabibu, mimi napakia zabibu, parokia nzima imeahidi. Muhula mmoja tunauweza. Miaka minne kwa mpigo hata yeye profesa haiwezi, labda auze lile gari lake.")

(Kicheko. Padre Anselmo anatazama viatu vyake.)

Mama yangu, nakuelewa kwa moyo wote, lakini sharti ni sharti. Halikuanguka kutoka mbinguni.

(Yaretzi, bila kuulizwa: "Anauliza, lilianguka kutoka wapi?")

Lilitoka... katika ofisi husika.

("Ya nani?")

Ofisi husika, binti yangu, ni ile inayohusika. Sawa, uwazi ni nguzo yetu ya tatu: ni yangu. Nililitia saini mimi. Lakini nililitia saini kwa uchungu! Na uchungu huo ndio uliozaa mfuko huu, maana kiongozi mwenye maono hafuti sharti hovyo hovyo, bali anajenga daraja juu yake, kisha anaunda kikosi kazi cha kulitazama daraja, kisha anaalika wadau wa maendeleo walitathmini, na hatimaye wahamiaji wanavuka wakiwa na ushahidi wa kitafiti kwamba wamevuka. (Mkalimani: neno moja. Vifijo na miluzi.) Asanteni! Naona hapo nimewagusa. Umetumia neno gani?

(Yaretzi: "Hapana.")

Hapana nini?

("Ndilo neno lenyewe.")

Basi nihitimishe, maana jua la bonde hili halina adabu. Nikisema "Mfuko", mjibu "Udumu milele!" Mfuko! (Meya peke yake: "Udumu milele!") Elimu kwa wote! (Mtu nyuma: "Kwa muhula!") Udaktari bila mipaka! (Watu wengi: "Kwa muhula!") Si hivyo tulivyofanya mazoezi, lakini napenda ari yenu.

Mwisho kabisa, shukrani. Namshukuru mbunifu wa nembo ya Mfuko, iliyoshinda nembo nyingine kumi na moja. Namshukuru mpiga picha. Nawashukuru kina mama kwa tamale, vile vitumbua vya mahindi vya kwenye maganda, nimekula vitano. Namshukuru Padre Anselmo kwa viti, hema na kipaza sauti vya parokia. Na kwa namna ya pekee namshukuru mfadhili wa Mfuko, yeyote yule atakayekuwa, pindi atakapojitokeza, baada ya andiko la mradi kuandikwa, baada ya kikao cha kuamua kama mfuko kama huu unahitajika, kikao ambacho tutakipangia tarehe Baraza likitoka likizo. Yaretzi, nafasi yako Jumatatu itakwenda kwa mwingine, lakini sura yako itabaki kwenye bango. Mungu awabariki. Makofi tafadhali!

(Yaretzi anatafsiri. Safari hii hafupishi. Anatafsiri neno kwa neno, taratibu, mpaka nukta. Kisha anaongeza ya kwake. Watu wanasimama, kila mmoja anainua kiti alichokalia.)

Wanakwenda wapi? Kuna kupiga picha! Padre, viti vinaondoka! Padre, na wewe?

("Wanakwenda kukaa mlangoni pa ofisi ya udahili, Profesa. Mpaka sharti lifutwe. Doña Refugio anasema zabibu za wiki hii zijipakie zenyewe.")

Lakini hapo mlangoni ndipo ninapopitia kwenda ofisini kwangu!

("Nimewaambia. Ndiyo maana tumepachagua.")