Fidla ya Ghorofa ya Juu

Jumatatu, 3 Juni
Bibi harusi wangu kafa tena. Mara ya nne! Simuui mimi. Anayemuua ni mwalimu wa fidla wa ghorofa ya juu. Mimi huandika kwa kufuata muziki unaoshuka kupitia dari: akipiga polepole, mvua inanyesha ukurasani, akinyamaza, kalamu inakauka. Tangu mwezi jana ni nyimbo za msiba tu. Na mchapishaji anataka riwaya Ijumaa, iishe kwa harusi, la sivyo nafasi yangu ya kuchapishwa anampa shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, analala sebuleni kwangu, anaandika huku kaziba masikio kwa pamba. Nimejijenga kwa kuuza misumari. Nishindwe na pamba?

Mke wangu kasema niwaoze maharusi wangu bila fidla. Nimemwambia haelewi sanaa. Kajibu anaelewa chakula kinachopoa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepanda kumwomba Mwalimu apige kitu cha furaha. Kaniuliza kwa upole, furaha ya nini, jirani? Mume alishatangulia, wanafunzi wamehama, hata wa kumbishia hodi hana. Nimeshuka nikipiga hesabu. Mjane mpweke, jumlisha maua, jibu ni harusi.

Jumatano, 5 Juni
Maua meupe, bila jina, watu wasije wakanifikiria vingine. Goti langu halitaki ngazi tena, nikamtuma shemeji. Kalalamika yeye si tarishi. Nimemkumbusha sofa analolalia ni la nani. Kapanda.

Alhamisi, 6 Juni
Lo! Fidla imeamka kama mtu aliyeota vizuri. Chumba kimejaa nuru laini, meza inaelea, kuta zimesogea mbali. Bibi harusi kafufuka! Kavaa gauni la rangi ya maziwa, anapanda ngazi za ukumbi, na kila ngazi inaimba anapoikanyaga. Bwana harusi anamngoja juu, uso wake bado ukungu. Mke wangu kasema chai imepoa mkononi mwangu. Chai gani?

Nimemtuma shemeji na maua mengine, yatoshe hadi mwisho wa sura. Leo hakubisha. Hata kachana nywele. Adabu imeanza kumwingia.

Ijumaa, 7 Juni
Kimya. Bibi harusi kabaki na mguu mmoja hewani. Nimegonga dari kwa mpini wa ufagio. Vicheko viwili vikajibu. Kimoja cha shemeji! Nyoka wa sofani!

Nimejaribu kupiga mluzi mwenyewe. Bwana harusi kageuka mchunga mbuzi. Nimepeleka riwaya hivyohivyo, mguu hewani, na mbuzi.

Jumatatu, 10 Juni
Mchapishaji kauliza bibi harusi atafika lini. Nafasi kapewa shemeji. Riwaya yake kaimalizia huko juu, pamba katupa, na inasemekana mwisho wake unaliza watu kwa furaha. Leo kaja kuchukua mto wake. Mke wangu kasema nisinung'unike, harusi nimeifungisha kweli, ila nimeifungisha nje ya kitabu.

Sijali. Ghorofa ya chini kahamia mpiga tarumbeta. Mtanashati, mpole, mgane. Hiyo ni riwaya ya vita, tena yenye ushindi! Shida moja: anapiga kwa huzuni.

Nimenunua maua mekundu. Goti bado linauma, nikamwomba mke wangu ayapeleke. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia aache ubishi, sanaa haingoji.

Hakubisha tena. Kaenda kuchana nywele.